Gari Linakula Mafuta? Pima Kabla Hujausingizia Umri

Nenda gereji za Tabata, Dar es Salaam, au Grogan, Nairobi, ulalamike kwamba gari lako siku hizi linakula mafuta. Jibu utalipata kabla boneti haijafunguliwa: "Bosi, gari limezeeka hili." Wengi hulikubali, na kuanzia siku hiyo hujizoesha kuongeza elfu kumi juu ya ile waliyokuwa wakiweka sheli. Naamini jibu hilo limewala watu fedha nyingi kuliko ubovu wenyewe.

Umri peke yake hauli mafuta kiasi hicho. EPA, wakala wa mazingira wa Marekani, unasema gari lililotunzwa vizuri linaweza kufika miaka 10, hata 15, na ulaji wake wa mafuta usibadilike sana. Tena gari jipya kabisa huanza likiwa na ulaji mbaya kidogo, kisha hutengemaa baada ya kilometa 5,000 hadi 8,000 hivi, vyuma vikishazoeana na msuguano kupungua. Baada ya hapo, vitu vinavyoamua lita moja itakufikisha wapi havichakai haraka: mgandamizo ndani ya silinda, kipimo cha mafuta kwa hewa anachokitoa kompyuta wa gari, na uzito wa gari lenyewe.

Kinachochakaa ni vitu vidogo vinavyoizunguka injini: sensa, mipira, pini za breki, plagi, thamostati. Na huku kwetu kuna jambo la pili, ambalo kwa maoni yangu ni kubwa kuliko la kwanza: yale tuliyolifanyia gari. Kitu kimetolewa, waya umerukishwa, oili imewekwa ya aina nyingine. Kenya haipokei magari yaliyozidi miaka 8, Uganda ilifunga mlango kwa yaliyozidi 15, na Tanzania inayapokea lakini inayatoza ushuru wa ziada wa uchakavu. Kwa hiyo IST, Vitz, Premio, Fit au Demio nyingi zinaposhuka bandarini tayari ni za makamo. Huko Japani zilikotoka zilikuwa zikipelekwa ukaguzi wa serikali, unaoitwa shaken, kila baada ya miaka miwili. Mabadiliko makubwa ya ulaji wa mafuta mara nyingi huanza zikishafika mikononi mwetu.

Mwongozo huu ni wa magari hayo madogo ya petroli, ingawa nitayagusa kidogo ya haibridi na dizeli. Fuata mpangilio, kwa sababu umepangwa kuanzia kisichogharimu kitu hadi kinachogharimu sana.

Hatua ya 1: Pata namba ya gari lako

Bila namba huna ugonjwa, una hisia tu. Mtu anayeweka mafuta ya elfu ishirini leo na ya elfu kumi keshokutwa hawezi kujua gari lake linakula kiasi gani, hasa kwa kuwa bei zenyewe hubadilika. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati ya Tanzania, hutangaza bei kikomo mpya Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, na EPRA, mwenzake wa Kenya, tarehe 14. Pengine gari halijabadilika hata kidogo, ni shilingi iliyobadilika.

Jaza tangi hadi pampu ijikate yenyewe mara ya kwanza, usimruhusu mhudumu aendelee kubana ili kukamilisha hesabu ya fedha. Andika namba ya odometa. Kisha endesha maisha yako kama kawaida.

Wengi huishia hapa kwa kudhani lazima wajaze tangi kila mara, na mfuko hauruhusu. Si lazima. Unaweza kuendelea kuweka kidogokidogo kwa kadiri ya mfuko wako, sharti ni uandike lita za kila ulichoweka. Risiti ya EFD inazo, na kituo kisichotoa risiti usikitumie kwa kipimo. Ukishatembea kilometa mia nne au tano, jaza tangi tena, pampu ijikate, ujumlishe lita zote ulizoweka tangu ule ujazo wa kwanza, pamoja na hizi za mwisho.

Tuseme ulianza odometa ikiwa 148,220. Katikati ukaweka lita 10.2, kisha 8.5, kisha 11.4. Mwisho ulipojaza zikaingia 9.6, na odometa ikasoma 148,678. Umetembea kilometa 458 kwa lita 39.7. Gawanya: kilometa 11.5 kwa lita. Hiyo ndiyo namba yako.

Kwa nini umbali uwe mrefu? Kwa sababu pampu hazijikati mahali palepale. Tofauti ya lita moja kwenye lita 40 ni asilimia 2.5. Kwenye lita 10 ni asilimia 10, na hapo utamlaumu fundi bure. Tumia kituo kimoja, pampu ileile ikiwezekana, yenye stika ya Wakala wa Vipimo ambayo muda wake haujaisha.

Rudia mara tatu. Namba zikicheza ndani ya asilimia tano, hiyo ndiyo hali ya gari lako. Ikishuka zaidi ya asilimia kumi na ikabaki hukohuko kwa tangi mbili au tatu, kuna kitu cha kutafuta. Na thamani yake si ndogo. Kwa mtu anayetembea kilometa 1,000 kwa mwezi, kutoka 12 kwa lita hadi 10 kwa lita ni karibu lita 17. Lita ikiwa shilingi 3,000 za Tanzania, hizo ni elfu hamsini kila mwezi.

Onyo moja: usijilinganishe na namba ya katalogi ya Kijapani. Magari ya mwanzoni mwa miaka ya 2000 yalipimwa kwa kipimo kiitwacho 10-15, chenye mwendo wa wastani wa kilometa 22.7 kwa saa, mwendo wa juu wa 70, injini ikiwa tayari imepata moto na AC imezimwa. Safari yote ya kipimo hicho ni kilometa 4.16. Hakuna mtu wa Mbezi anayeendesha hivyo. Linganisha gari lako na lenyewe la miezi iliyopita.

Hatua ya 2: Hakikisha si maisha yako yaliyobadilika

Kabla hujalipeleka gereji jiulize: nimehama nyumba? Nimebadilisha kazi? Barabara ninayopita inajengwa? Foleni ni adui mkubwa kuliko ubovu mwingi. Injini ndogo ikiunguruma bila kutembea hutumia zaidi ya nusu lita kwa saa, na AC ikiwashwa inaweza kukaribia lita nzima, na kwa muda wote huo odometa haijasogea. Ukiongeza nusu saa ya foleni asubuhi na nusu saa jioni, namba yako itaanguka, na hakuna fundi atakayeirudisha.

Safari fupi nazo zina madhara yake. Injini ya baridi hupewa mafuta mengi zaidi hadi ipate moto. Ukiwa unapeleka watoto shule kilometa mbili, unarudi, unazima, kisha baada ya saa moja unaenda sokoni, gari linaishi katika hali ya ubaridi siku nzima.

Angalia pia tairi. Hili hushangaza watu: ukifunga tairi mpya, daftari litaonyesha kwamba ulaji umeongezeka hata kama gari ni zima. Tairi iliyoisha ni nyembamba kwa milimita sita au saba kuliko mpya. Kwa tairi kama 185/65R15, tofauti hiyo huifanya odometa ihesabu kilometa pungufu kwa karibu asilimia 2, na juu ya hapo, kashata za tairi mpya hujikunja zaidi barabarani na kumaliza nguvu. Ukiwa umefunga tairi za ukubwa tofauti na zilizoandikwa kwenye mlango, hesabu zote za zamani zitupe, uanze upya.

Hatua ya 3: Chunguza vinavyogusa barabara

Anza na upepo. Fungua mlango wa dereva, tafuta stika kwenye nguzo. Kwa magari ya Japani mara nyingi imeandikwa kwa kPa, wakati geji ya fundi pancha inasoma psi. 220 ni 32, 230 ni 33, 240 ni 35. Pima tairi zikiwa za baridi, asubuhi kabla ya kutembea. Usimwachie mtu ajaze kwa kubonyeza kwa mguu na kutazama.

Lakini tuseme ukweli kuhusu upepo, kwa sababu hutiwa chumvi sana. Wizara ya Nishati ya Marekani inaeleza kwamba kila psi moja inayopungua katika tairi zote hupoteza wastani wa asilimia 0.2 ya mafuta. Tairi zote nne zikipungua psi 8, umepoteza asilimia 1.6. Inafaa kurekebisha kwa kuwa ni karibu na bure, na tairi zitadumu, ila gari lililotoka 13 hadi 9 kwa lita halikufikishwa huko na upepo.

Breki zinaweza kulifikisha. Pini za kalipa zikikauka grisi, au pistoni ya breki ikishika kutu, pedi haiachii diski vizuri hata ukitoa mguu. Vivyo hivyo waya wa hendibreki ukikwama. Gari hutembea likiwa limejishika lenyewe. Baada ya safari ya dakika kumi na tano ambayo hukukanyaga breki sana, simama na usogeze kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa. Rimu moja ikiwa na joto kali kuliko mwenzake wa upande wa pili, umeupata ubovu. Kisha mwambie fundi anyanyue gari kwa jeki na azungushe kila tairi kwa mkono, gia ikiwa huru na hendibreki imeachiwa. Tairi zisizosukumwa na injini zizunguke kwa wepesi, zikwaruze kidogo tu. Hapohapo zisikilizwe: beringi iliyokufa huguna.

Alaimenti iliyoharibika huburuta tairi ubavuni. Ukiona tairi zinaliwa upande mmoja, huhitaji ushahidi mwingine.

Hatua ya 4: Uliza thamostati iko wapi

Hii ndiyo hatua ninayoijali kuliko zote, kwa sababu ndipo magari yetu yanapozeeshwa kwa makusudi.

Thamostati ni valvu ndogo inayozuia maji yasiende kwenye rejeta hadi injini ipate moto. Kwa injini nyingi za Toyota huanza kufunguka kwenye nyuzi 80 na kitu. Mara nyingi sana, gari likichemsha, fundi huing'oa na kuitupa. Ukiuliza utajibiwa, "Hii ni ya nchi za baridi, huku kwetu haina kazi." Na kweli gari linaacha kuchemsha, kwa muda. Lakini thamostati haihusiani na baridi ya nje. Kazi yake ni kuishika injini katika joto moja, na injini ya Dar es Salaam inahitaji joto lilelile la injini ya Sapporo.

Ikiondolewa, maji huzunguka kwenye rejeta tangu sekunde ya kwanza. Katika foleni injini itapata moto, ila ukishika barabara ya Bagamoyo upepo ukapiga rejeta, joto linashuka. Sensa ya joto inamwambia kompyuta kwamba injini bado ni ya baridi, naye anaongeza mafuta kama alivyofundishwa. Magari mengi ya otomatiki nayo hukataa kuingia gia ya mwisho hadi maji yapate moto, kwa hiyo injini inazunguka kwa kasi kuliko inavyohitajika. Oili inabaki nzito. Baya kuliko yote, petroli isiyoungua hushuka kwenye kuta za silinda ikiosha oili inayozilinda ringi. Miaka michache ya hali hiyo inaliletea gari uzee wa kweli, ule wa kula oili na kutoa moshi wa bluu. Hapo tena tutaambiwa ni umri.

Kujua kama ipo ni rahisi. Asubuhi injini ikiwa ya baridi, iwashe, kisha shika mpira wa chini wa rejeta, mkono ukiwa mbali na feni na mikanda. Mpira huo unatakiwa ubaki wa baridi kwa dakika kadhaa, halafu upate moto thamostati inapofunguka. Ukipata uvuguvugu polepole tangu mwanzo, haipo au imekwama wazi. Magari madogo mengi hayana mshale wa joto, yana taa ya bluu tu inayowaka injini ikiwa ya baridi. Taa hiyo ikichelewa sana kuzimika, au ikirudi mkiwa safarini, jibu ni hilohilo. Mwenye mashine ya kupimia asome joto la maji gari likiwa kwenye mwendo: linatakiwa litulie kwenye 85 hadi 95 hivi, si 65.

Angalia na feni. Feni ya rejeta inatakiwa iwake na kuzimika. Ikiwaka pale tu unapofungua swichi, injini bado ya baridi na AC imezimwa, imerukishwa waya ili iende muda wote. Huo ni mkato wa aina ileile, tena unaibebesha alteneta mzigo usio na sababu.

Ukitaka kurudisha thamostati, usiirudishe peke yake. Iliondolewa kwa sababu gari lilichemsha, na sababu ya kuchemsha bado ipo. Mara nyingi ni rejeta iliyoziba. Maji ya visima vingi vya Dar es Salaam yana chumvi, na mtu akiyajaza kwenye rejeta kwa miaka, njia zake hujaa magamba. Safisha rejeta au ibadilishe, badilisha mfuniko wake kama mpira umelegea, weka kulanti halisi (maji maalumu ya rejeta), ndipo ufunge thamostati ya nyuzi zilezile za kiwandani. Kisha jaza tangi na uanze ukurasa mpya wa daftari.

Hatua ya 5: Sensa na taa ya injini

Kwanza hakikisha taa yenyewe inafanya kazi. Fungua swichi bila kuwasha injini. Taa ya injini kwenye dashibodi lazima iwake, kisha izimike gari likishawaka. Isipowaka kabisa, kuna mtu aliiua ili gari liuzike.

Kompyuta wa gari la petroli hulenga gramu 14.7 za hewa kwa gramu moja ya petroli. Anayempa habari kama amelenga sawasawa ni sensa ya oksijeni iliyoko kwenye bomba la moshi. Sensa hii huchoka. Inaanza kujibu polepole, halafu inakufa, na kompyuta asiyejua kinachotoka nyuma huchagua kumwaga mafuta mengi kwa usalama wa injini. Wizara ileile ya Marekani inasema kurekebisha hitilafu kubwa kama hii kunaweza kuboresha ulaji hadi asilimia 40. Huu ndio ubovu unaoweza kulitoa gari 13 na kulipeleka 9.

Dalili zake: masizi meusi makavu mdomoni mwa bomba la moshi, harufu ya petroli gari likiwa linaunguruma, na plagi nyeusi. Kwa uhakika, pima kwa mashine, na usiridhike na namba ya hitilafu tu. Mwombe fundi akuonyeshe asilimia ambayo kompyuta anaongeza au kupunguza mafuta ili kulenga. Ikiwa karibu na sifuri, gari ni zima. Ikizidi kumi upande wowote, kuna kitu kinamdanganya. Akipunguza sana, tafuta nozo (vinyunyizio vya mafuta) zinazovuja au mgandamizo mkubwa wa mafuta. Akiongeza sana, tafuta mpira uliopasuka unaoingiza hewa ya wizi, au sensa ya hewa iliyochafuka. Sensa ya hewa husafishwa kwa dawa yake maalumu ya kupuliza, haiguswi kwa kitambaa. Vile visomeo vya bei ndogo vinavyounganishwa na simu havisomi baadhi ya magari ya Japani ya mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwa hiyo kikikataa usidhani gari ni bovu.

Kuhusu masega, yaani kile kisafisha moshi kilichomo kwenye bomba la moshi. Yakiziba kweli, gari hukosa nguvu na kula mafuta. Lakini masega hayazibi yenyewe, huzibwa na injini inayomwaga mafuta au kuunguza oili, na ukiyatoa bila kutibu chanzo umeuficha ugonjwa. Tena ndani yake mna platinamu, paladiamu na rodiamu, madini yenye bei kubwa. Anayekushauri haraka haraka uyatoe na umwachie, mwulize anayapeleka wapi.

Hatua ya 6: Huduma ya kawaida

Plagi za kawaida zibadilishwe kila kilometa 20,000 hadi 30,000; za iridiamu huweza kufika 100,000. Nunua kwa muuzaji unayemjua, feki ni nyingi.

Ea klina iliyojaa vumbi haiongezi sana ulaji katika gari lenye kompyuta, kinyume na wengi wanavyoamini. Hewa ikipungua, kompyuta hupunguza na mafuta. Utakachopoteza ni nguvu. Ibadilishe kwa ajili ya injini, ila usitegemee miujiza kwenye daftari.

Oili ni jambo jingine. Gari lililoandikiwa 5W-30 likiwekewa 20W-50 kwa hoja ya "limezeeka, linataka nzito", injini inafanya kazi zaidi kuisukuma. Hasara yenyewe ni ya asilimia moja au mbili, lakini injini zenye VVT-i (mfumo wa Toyota wa kubadilisha muda wa valvu kufunguka) hutumia oili hiyohiyo kuendesha mitambo yake midogo, na oili nzito huichelewesha. Kama injini haili oili, rudi kwenye ile ya kitabu. Kwa gia boksi ya CVT (otomatiki isiyo na gia za hatua) sheria ni kali zaidi: oili yake ni ya CVT ya aina iliyotajwa, hakuna mbadala.

Ukibadilisha vitu vitano siku moja, hutajua kipi kilikuwa mgonjwa. Kitu kimoja, tangi moja au mbili, kisha kingine.

Kwa wenye haibridi na dizeli

Aqua au Prius huzeeka kwa njia yake. Betri kubwa ikipungua uwezo, injini ya petroli huwaka mara nyingi zaidi kuisaidia, na daftari litaonyesha hivyo mapema kabla taa yoyote haijawaka. Kabla ya kuilaani betri, tafuta tundu la hewa la kupozea betri karibu na kiti cha nyuma. Vumbi, nywele na manyoya ya viti huziba kichujio na feni yake, na betri inayopata joto huchoka haraka. Kusafisha ni kazi ya muda mfupi, na kuweka mabegi mbele ya tundu hilo ni kuiua betri polepole.

Dizeli ikitoa moshi mweusi inakuambia inapewa mafuta isiyoweza kuyaunguza. Anza na njia za hewa na mipira ya tabo (turbo), kisha nozo zipelekwe zikapimwe kwenye mashine, zisikisiwe.

Hatua ya 7: Injini yenyewe

Hapa tu ndipo umri unapostahili kuitwa. Kama hatua zote zimepita na namba bado iko chini, pima kompresheni ya kila silinda, injini ikiwa ya moto na plagi zote zimetolewa. Linganisha na kitabu cha injini hiyo, lakini tazama zaidi tofauti kati ya silinda na silinda. Moja ikiwa chini sana ya wenzake, mwagia oili kidogo tundu la plagi upime tena. Ikipanda, ringi zimechoka. Isipopanda, angalia valvu au gasketi.

Kisha fanya hesabu kwa utulivu. Chukua lita unazopoteza kwa mwezi, zidisha kwa bei ya leo, ongeza oili unayoijazia, ulinganishe na gharama ya kuifungua injini au kununua ya mtumba. Kwa mtu anayetembea kilometa 400 kwa mwezi, kufungua injini kwa ajili ya mafuta peke yake huenda kusirudishe fedha hata kwa miaka mitano, na ni afadhali aendelee kujazia oili na kuipima kila wiki. Kwa dereva wa teksi anayemaliza kilometa 4,000, hesabu hiyohiyo inageuka kabisa. Na ukiamua kununua injini ya mtumba, kagua kama imekuja na thamostati yake kabla haijafungwa, usimame hapohapo hadi uone inarudishwa mahali pake.